Uzi: Hoteli ndogo za Kiitaliano hapa Nairobi, zile za meza chache. Tuagize nini, tulipe nini?

Kijiko_na_Uma (mwanzisha uzi)

Wadau, kila mwisho wa mwezi lazima atokee mtu wa kuuliza hapa: "Nimpeleke wapi mke wangu, nataka mahali patulivu, chakula cha Kiitaliano." Anatajiwa hoteli chungu nzima za ndani ya mall, anaenda, anakula piza chini ya televisheni ya mpira, kisha anarudi kutulaumu. Uzi huu si wa hizo. Nazungumzia zile ndogo: nyumba ya makazi ya zamani huko Lavington, Kilimani au Spring Valley iliyogeuzwa hoteli, geti halina bango la maana, askari anachungulia dirisha la gari na kuuliza kama umebuki. Ndani meza hazizidi kumi. Jikoni watu wawili, watatu. Menyu ni ukurasa mmoja, na vyakula vya siku vimeandikwa ubaoni kwa chaki.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnaopenda kubishana muanze: hoteli ya aina hii ukiingia mara ya kwanza, agiza chakula rahisi kuliko vyote walivyonavyo. Tambi za mchuzi wa nyanya. Au zile za jibini na pilipili manga peke yake, ambazo Warumi huziita cacio e pepe. Najua mtasema, mtu atoke Rongai na ile foleni yote aje kula tambi za nyanya? Ndiyo, aje. Krimu, uyoga na kamba wakubwa vinaficha makosa mengi. Nyanya, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani ya mrehani havifichi kitu. Jiko likishindwa na hapo, hata nyama ya elfu tatu haitakuokoa.

Sahani ikifika, tazama chini yake. Mchuzi unatakiwa uwe umeshika tambi, si kuogelea pembeni. Mpishi anayejua kazi humalizia tambi ndani ya kikaango pamoja na mchuzi, akaongeza upawa mdogo wa yale maji yaliyochemshia tambi. Wanga uliomo ndio unaounganisha mafuta na nyanya vikawa kitu kimoja. Ukiletewa tambi nyeupe zimemwagiwa mchuzi juu kama wali wa hotelini, basi umeshajua uko wapi.

Halafu tambi iwe na ugumu kidogo katikati unapoitafuna. Tafadhalini msiirudishe mkisema haijaiva. Na wanaojaribu nyumbani wasishangae zile dakika za kwenye pakiti zikigoma: Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, si 100. Mpishi aliyetoka Napoli wiki jana hana budi kujifunza upya jinsi ya kuchemsha tambi hapa.

Kuhusu mpangilio wa menyu, usitishwe. Antipasto ni vya kuanzia, primo ni tambi au risotto (wali mzito wa Kiitaliano), secondo ni nyama au samaki, contorno ni mboga za pembeni, dolce ni vitamu vya mwisho. Hakuna sheria ya kula vyote. Kule kwao sahani ya primo huwa ndogo, ndiyo maana mtu anaweza kupita zote. Hapa Nairobi wengi hujaza sahani, kwa hivyo watu wawili mnaweza kugawana cha kuanzia, kila mmoja tambi yake, kitamu kimoja na vijiko viwili. Mwambie weita mapema kwamba mnataka vije kwa zamu, la sivyo meza itajazwa mara moja na nusu ya chakula kipoe mkitazamana.

Bili: soma maandishi madogo chini ya menyu. Wengi bei zao tayari zina VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, wengine wanaongeza ya huduma juu yake. Kama ya huduma imo, tipu ni hiari yako kabisa. Na ukitaka kuja na chupa yako ya mvinyo, piga simu uulize ada ya kuifungua. Usiibebe kwenye kikapu kama mtu anayevusha magendo.

Karibuni. Msitaje hoteli kwa ubaya, tuongee chakula.

Mhasibu_Mkali

Kaka, umeandika vizuri lakini hesabu hainiingii. Pakiti ya spageti dukani haifiki mia tatu. Nyanya za soko la Wakulima unajua bei yake. Halafu nikatozwe elfu moja mia sita kwa sahani moja? Ukimpeleka mtu, na maji ya chupa, na kile kitamu cha vijiko viwili, umeacha elfu tano na zaidi na ukifika nyumbani unatafuta ugali.

Kijiko_na_Uma

Mhasibu, sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ila usipige hesabu ya pakiti. Nyingi ya hizi hoteli husukuma tambi zao wenyewe asubuhi kwa mayai na unga, na vitu vitatu vinavyoleta ladha vinakuja kwa ndege au meli: mafuta ya zeituni, nyanya za kopo, na jibini. Parmigiano Reggiano kwa mfano ni lazima itengenezwe maeneo maalumu ya kaskazini mwa Italia, na haiuzwi kabla ya kukaa miezi 12. Ongeza usafiri na ushuru.

Jambo la pili ni meza. Hoteli kubwa meza moja inakaliwa na watu watatu tofauti kwa usiku mmoja. Hizi ndogo, ukikaa saa moja na nusu jioni, meza ni yako hadi utakapochoka, hakuna anayekuletea bili kwa ishara ya "tuachie nafasi." Hiyo saa umeilipia. Ndiyo maana nakasirika mtu akibuki meza Ijumaa halafu asitokee wala asipige simu. Kwenye hoteli ya meza nane, meza moja tupu ni sehemu kubwa ya mapato ya usiku ule.

BintiMvita

Assalaam aleikum nyote. Mimi niko Nairobi kikazi, kwetu Mombasa. Tambi kwetu ni za sukari, tui na iliki, tena Ramadhani, kwa hivyo hizi za kitunguu saumu nilizizoea ukubwani. Swali langu: menyu hizi haziandiki kilichomo. Mtu asiyekula nguruwe wala kileo aagize nini bila kumuuliza weita maswali kama polisi?

Shefu_wa_Nyuma

Waaleikum salaam dadangu. Mimi ni mpishi, niko kwenye jiko la namna hii (jina naliacha, bado naitaka kazi). Nikwambie wazi.

Carbonara (tambi za mayai na jibini) na amatriciana (tambi za nyanya) zina nguruwe, ndiyo asili yake: shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Hapa mara nyingi tunatumia beikoni kwa sababu lile shavu ni la kutafuta kwa tochi. Ragù ya nyama iulizie, jiko nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe, au huanza na mafuta yake. Risotto karibu zote hutiwa mvinyo mweupe mwanzoni, hata zile za mboga, na chaza na kome hupikwa vilevile. Tiramisu, kile kitamu cha kahawa na jibini laini, nyingi zina ramu au mvinyo wa Marsala. Hicho watu hukisahau sana, wanafikiri ni kahawa tu.

Usalama uko hapa: tambi za nyanya, za kitunguu saumu na pilipili (aglio e olio), pesto (mchuzi wa mrehani uliosagwa), alla norma ya Sicilia yenye biringanya, na biringanya za parmigiana. Tatizo jingine ni jibini. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, ndiyo maana Wahindi wetu wa Parklands wasiokula nyama kabisa huuliza juu yake hata kabla ya kuketi. Kwa Waislamu najua watu wana misimamo tofauti, uamuzi ni wako.

Na maswali uliza bila haya. Jiko dogo lina raha hiyo: weita anageuka, ananiuliza, jibu linarudi kabla hujafungua kitambaa. Ukiomba kikaango kisafi kisichopikiwa nguruwe, nitakuoshea. Hoteli kubwa swali lako linafia njiani.

BintiMvita

Allah akulipe, shefu. Tiramisu nilikuwa nimeshaila mara kadhaa. Basi.

Mhasibu_Mkali

Shefu, maadamu uko hapa: kwa nini risotto inachukua karne?

Shefu_wa_Nyuma

Kwa sababu inapikwa, bosi. Mchele ni arborio au carnaroli, una wanga mwingi wa nje. Unaukaanga kidogo, unatia supu ya moto upawa kwa upawa huku ukikoroga, huo wanga unatoka na kufanya ute mzito bila krimu hata tone. Ni dakika 18 hivi kule kwao, hapa kwetu kwa sababu ya hayo maji ya nyuzi 94 huongezeka kidogo. Mwisho unatoa motoni, unapiga siagi na jibini. Lazima usimame pale. Kwenye jiko la watu watatu, mtu mmoja kusimama dakika 20 juu ya sufuria moja ni gharama.

Ukiletewa risotto dakika tano baada ya kuagiza, jua ilipikwa nusu mchana ikatandazwa kwenye trei. Si dhambi, hoteli nyingi duniani hufanya hivyo, na ikifanywa vizuri huwezi kugundua. Lakini kama una haraka usiagize risotto.

Kuna wateja huniambia tumia pishori ya Mwea. Naipenda pishori, nyumbani sina mchele mwingine. Lakini utamu wake ni kila punje kusimama peke yake na ile harufu. Risotto inataka kinyume chake.

Mzee_wa_Ngara

Vijana, naona mnaongea kama Waitaliano wamekuja na hizi nyumba za Lavington. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika nchini 1902. Wakati wa vita vya pili, baada ya Waitaliano kushindwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, Waingereza waliwaleta mateka wao kwa maelfu hapa. Lile kanisa dogo mnalolipita mkiteremka kwenda Mai Mahiu walilijenga wao, 1942. Malindi nako waliweka kituo cha kurushia roketi, San Marco, na tarehe 12 Disemba 1970 wakarusha pale setilaiti iliyoitwa Uhuru. Nilikuwa kijana, tulijivunia kana kwamba tumeirusha sisi.

Hata mjini kati kulikuwa na Trattoria, pale barabara ya Wabera inapokutana na ya Kaunda. Vijana wa ofisi tulikuwa tukipita nje tukinusa, siku ya mshahara tunaingia wanne tunaagiza piza mbili. Wala hatukujua antipasto ni nini.

Mtaa_wa_Pili

Shikamoo mzee. Ongeza na Eastleigh basi. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia, na tambi huko zilishakuwa chakula cha kila siku. Njoo huku mchana, utaletewa sahani ya baasto, yaani tambi, na mchuzi wa nyama wenye viungo, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi unaila pamoja na tambi, ndiyo, usinikunjie uso. Bei ni sehemu ndogo tu ya hizo zenu, na hakuna anayeuliza umebuki. Mtu anayetaka kujua historia ya chakula cha Kiitaliano Nairobi aanzie huku kabla ya kwenda kuwashiwa mshumaa.

Kijiko_na_Uma

Hapo umenipata, na ningekuwa na uwezo ningeibandika juu ya uzi. Ndizi na tambi nimekula, na zinafaa, hasa mchuzi ukiwa na pilipili. Mwitaliano mmoja mwenye hoteli nilimsimulia akashika kichwa, kisha akaniuliza ni mtaa gani.

Nyota_ya_Jioni

Mimi nina la kuongeza kuhusu "patulivu." Wadau, chumba cha meza nane si siri. Kila mtu anasikia kila kitu. Juzi meza ya jirani zilikuwa familia mbili zikijadili mahari, kwa adabu sana, sauti ya chini, na sote tulijua ni mbuzi wangapi kabla ya kitamu kufika. Mjomba wa upande wa bwana alikuwa mgumu. Tulitamani kuchangia.

Kwa hivyo ukitaka kuachana na mtu, usiende pale. Ukitaka kumchumbia, uliza meza ya barazani. Na simu ya spika ni marufuku, jamani, hatutaki kumsikia fundi wako wa Kitengela akieleza kwa nini geti halijaisha.

Arusha_Mjini

Wakuu habari za huko. Nakuja Nairobi mwezi ujao na mchumba, tutafikia karibu na Westlands. Hizi hoteli zinafikika kwa daladala au ndio mpaka taksi? Na cappuccino baada ya chakula cha usiku ni kosa kweli? Nimesikia wanakucheka.

Kijiko_na_Uma

Karibu sana mkuu. Matatu zitakufikisha barabara kubwa, lakini nyingi ya hizi nyumba ziko ndani ndani kwenye vichochoro vya miti ambavyo usiku havina taa wala watu. Chukua taksi ya programu kwenda na kurudi. Ikinyesha, ondoka mapema sana kuliko unavyodhani, Nairobi ikipata matone mawili inasimama. Ukichelewa, piga simu. Jiko dogo hufunga moto likiona hakuna mtu.

Cappuccino: kwao maziwa ni ya asubuhi, wanaamini yanalaza chakula tumboni. Lakini wewe na mimi tumelelewa na chai ya maziwa saa tatu usiku na bado tuko hai. Kunywa. Anayekucheka ndiye hana adabu. Mimi mwenyewe huchukua espresso kwa sababu nyingine, hizi hoteli siku hizi kadhaa zinatumia kahawa ya Nyeri au Kirinyaga, na uchachu wake baada ya kitu chenye mascarpone, lile jibini laini la tiramisu, unasafisha mdomo vizuri kuliko chochote. Waitaliano wakongwe huilalamikia, wamezoea mchanganyiko wenye robusta, mzito na mchungu. Hapo ndipo sikubaliani nao.

Mhasibu_Mkali

Bado sijashawishika kuhusu nyanya lakini tuseme nimekubali kwenda. Carbonara niliyoila mahali fulani ilikuwa na krimu na ilikuwa tamu. Nisiipende?

Shefu_wa_Nyuma

Ipende, lakini hiyo ni kitu kingine. Ya Roma ni viini vya mayai, jibini la kondoo liitwalo pecorino, pilipili manga, lile shavu, na maji ya tambi. Ugumu wake ni moto: ukizidi sekunde chache mayai yanaganda, unampa mteja mayai ya kukoroga na tambi. Krimu ilikuja kama bima ya mpishi mwenye haraka. Ukiona hoteli ya menyu ndefu ina carbonara ya krimu, wala sishangai. Ukiiona kwenye hoteli ya meza nane, hapo naweza kuuliza kulikoni.

Nikupe siri nyingine. Uliza kama wana gnocchi, na kama ni Alhamisi. Roma gnocchi ni chakula cha Alhamisi, na wenye hoteli wengine hapa bado wanashika desturi hiyo. Zinatengenezwa kwa viazi, na viazi vyetu vingi ni Shangi, vina maji kuliko tunavyotaka. Ukivichemsha unaongeza unga, gnocchi zinakuwa mpira. Sisi tunavioka na maganda juu ya chumvi, maji yanatoka, unga unahitajika kidogo tu. Anayezikunja hapa kwetu ni mama mmoja wa Machakos, mkono wake mwepesi kuliko wa mwenye hoteli, na mwenye hoteli anakiri hivyo mbele ya wageni. Watu wakimsifu "Mwitaliano wenu anapika," sisi tunatabasamu tu. Wageni wakiondoka tunasonga ugali.

Mzee_wa_Ngara

Huyo mama apewe salamu.

MamaWatatu

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize: watoto? Wangu ni watatu, mdogo ana miaka minne, na hapati usingizi bila kumwaga kitu.

Shefu_wa_Nyuma

Waje, mama. Usije usiku, njoo Jumapili mchana, zenye bustani huweka meza nje na watoto wanakimbia kwenye nyasi. Kwenye menyu hutaona chakula cha watoto, usijali. Sema tu "tambi za siagi na jibini," hakuna jiko la Kiitaliano litakalokataa, na usikubali kulipishwa bei ya sahani nzima kwa mtoto wa miaka minne, uliza nusu. Viti vyao virefu ni vichache, kwa hivyo ukipiga simu kubuki taja idadi na umri. Na mwombe weita asilete glasi za mvinyo mezani kabla hamjaketi.